BAISKELI NZITO: MTAFUTE MWIZI WA NGUVU ZAKO



Baiskeli ni gari la mkulima. Hupeleka mahindi mashineni na maziwa sokoni. Hubeba madumu ya maji. Usiku mtoto akishikwa na homa kali, mara nyingi baiskeli ndiyo inayomfikisha zahanati. Baiskeli ikiwa nyepesi, mtoto anafika mapema. Ikiwa nzito, baba anashuka na kusukuma, na saa zinakwenda.

Siku hizi pikipiki zimeenea vijijini. Lakini pikipiki hunywa petroli kila siku. Baiskeli hunywa jasho lako tu. Kwa hiyo si vizuri jasho hilo lipotee njiani.

Je, baiskeli yako imekuwa nzito? Dalili zake ni hizi. Miguu inachoka kabla ya safari kufika nusu. Njia ya tambarare unaiona kama mlima. Ukiacha kupiga pedali, baiskeli inasimama upesi, kama imeshikwa na mtu nyuma.

Wengi wetu tukiona hivyo tunakimbilia dukani kununua mnyororo mpya. Wengine huuita cheni. Fedha inakwenda, mnyororo unafungwa, na baiskeli inabaki nzito vile vile! Somo la leo linafundisha njia nyingine. Usinunue kitu kabla ya kupima. Tenga sehemu moja moja, uizungushe peke yake, na ile iliyo nzito itajitaja yenyewe.

MSUGUANO NI NINI?

Sugua viganja vyako viwili kwa nguvu. Unasikia joto, sivyo? Joto hilo limetoka kwenye nguvu za mikono yako. Vitu viwili vikisuguana, nguvu hupotea. Jambo hili linaitwa msuguano.

Msuguano si mbaya siku zote. Bila msuguano breki zisingeshika, na tairi lingeteleza barabarani. Ubaya ni msuguano ulio mahali pasipotakiwa.

Sasa fuata safari ya nguvu zako. Mguu unasukuma pedali. Pedali inageuza mkono wake, na mkono unageuza ekseli ya katikati pamoja na sproketi, lile gurudumu kubwa la meno. Sproketi inavuta mnyororo. Mnyororo unavuta friwili iliyo nyuma, na friwili inageuza gurudumu. Katika kila kituo cha safari hii mwizi anaweza kukaa.

Ndani ya habu za magurudumu, ndani ya pedali na kwenye ekseli ya katikati mna gololi. Gololi zinabingirika kati ya kikombe na koni. Kitu kinachobingirika hakipotezi nguvu nyingi kama kitu kinachokwaruzana. Lakini gololi zikikosa grisi, zikiingia mchanga, au koni ikizibana mno, hazibingiriki tena. Hukwaruza.

Na mnyororo je? Mwaka 1999 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipima minyororo ya baiskeli ndani ya maabara. Mnyororo uliofanya vizuri kabisa ulipitisha sehemu 98.6 katika kila sehemu 100 za nguvu. Yaani ulipoteza chini ya sehemu 2 tu. Hata kipimo cha chini kabisa kilikuwa kama 81. Hayo yalikuwa maabara, wala si njia ya vumbi. Lakini tunajifunza jambo hapa. Mnyororo safi ulionyooka vizuri ni mwizi mdogo sana. Baiskeli ikiwa nzito mno, usimkamate mnyororo peke yake. Kagua na wengine.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Anza na mambo yasiyohitaji fundi.

1. Bonyeza matairi kwa kidole gumba. Tairi lenye upepo mdogo hulala chini na kula nguvu nyingi. Lijaze.

2. Tazama raba za breki. Inua gurudumu, lizungushe polepole. Je, raba inagusa rimu? Ikiwa inagusa mahali pamoja tu, rimu imepinda. Spoku zinahitaji kunyooshwa. Ikiwa inagusa kote, breki imekaa vibaya au springi yake imelegea.

3. Tazama madigadi na bati la kufunika mnyororo. Likipinda kidogo tu, linakwaruza.

4. Jiulize: "Uzito huu ulianza lini?" Swali hili ni kubwa kuliko spana. Kama ulianza baada ya kuziba pancha, tazama gurudumu lililofunguliwa. Kama ulianza baada ya kuvuka mto, maji yameingia kwenye gololi. Kitu kilichoguswa mwisho ndicho cha kutazamwa kwanza.

MAJARIBIO MATANO

Pindua baiskeli, kiti na usukani vikae chini juu ya gunia. Waondoe watoto karibu. Meno ya sproketi hukata vidole.

Jaribio la 1: Gurudumu la mbele.
Lizungushe. Gurudumu zuri huzunguka kwa muda mrefu, kisha linapokaribia kusimama hupembea mbele na nyuma, mpaka upande ulio mzito, mara nyingi ule wa valvu, utulie chini. Gurudumu lenye msuguano halipembei. Husimama ghafla, popote. Weka kiganja kwenye fremu gurudumu likizunguka. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, gololi ni chafu au zimekwisha.

Jaribio la 2: Piga pedali kinyume.
Ukizungusha pedali kinyume, mnyororo, sproketi na friwili vinatembea, lakini gurudumu la nyuma linabaki. Je, ni nyepesi? Basi mwizi pengine yuko kwenye gurudumu. Je, ni nzito? Basi yuko kwenye mnyororo, friwili au ekseli ya katikati. Kwa jaribio hili moja umeigawa baiskeli nusu kwa nusu, wala hujafungua nati hata moja!

Jaribio la 3: Gurudumu la nyuma likimbie peke yake.
Lizungushe kwa nguvu kwenda mbele, kisha uziachie pedali. Gurudumu liendelee na pedali zitulie. Pedali zikitikisika kidogo si neno. Lakini zikizunguka pamoja na gurudumu, friwili inashika. Ina uchafu ndani. Hatari yake ni kwamba ukiacha kupiga pedali njiani, mnyororo hulegea na kuanguka.

Jaribio la 4: Toa mnyororo.
Legeza nati za gurudumu la nyuma, sukuma gurudumu mbele kidogo, ushushe mnyororo kwenye sproketi. Kama bati la mnyororo limefunika kote, lifungue kwanza. Kaza nati tena. Sasa zungusha gurudumu peke yake, kisha zungusha pedali peke yake. Hii ni hesabu ya kutoa. Kama vyote viwili sasa ni vyepesi, na kabla ya kutoa mnyororo vilikuwa vizito, ulichokitoa ndicho chenye makosa. Kama ekseli ya katikati bado ni nzito, mnyororo hauna hatia.

Jaribio la 5: Pedali zenyewe.
Zungusha kila pedali kwa vidole. Iende bila kukwama. Ukitaka kuifungua, kumbuka kwamba pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Ukilazimisha utaharibu mkono wa pedali.

HESABU YA MLIO

Mara nyingine baiskeli haiwi nzito wakati wote. Inakwama kidogo, inaachia, inakwama tena, na kila ikikwama inalia. Usiseme tu kwamba inalia. Hesabu!

Tuseme sproketi ina meno 48 na friwili ina meno 20. Gawa 48 kwa 20. Unapata 2.4. Maana yake, pedali ikizunguka mara 1, gurudumu la nyuma linazunguka mara 2 na karibu nusu. Tena tuseme mnyororo una pingili 112. Gawa 112 kwa 48. Unapata 2 na theluthi moja. Maana yake, mnyororo humaliza mzunguko wake mmoja kila pedali ikizunguka mara 2 na zaidi kidogo.

Basi sikiliza:

Mlio ukija mara 1 kwa kila mzunguko wa pedali, tazama sproketi, ekseli ya katikati, pini ya mkono wa pedali, au pedali yenyewe.

Mlio ukija mara 2 au zaidi kwa kila mzunguko wa pedali, tazama gurudumu.

Mlio ukija mara 1 tu baada ya pedali kuzunguka mara 2 na zaidi, tazama mnyororo. Iko pingili moja iliyokauka isiyokunjika. Tia alama ya chaki unapoikuta. Itie mafuta na uikunje huku na huku mpaka ilainike.

Baiskeli yako inaweza kuwa na meno mengine. Hesabu meno na pingili zako, kisha ugawe mwenyewe. Uliyejifunza kugawanya darasani, hesabu hiyo leo inakuokolea fedha.

MNYORORO ULIOKAZWA MNO

Watu wengi hupenda mnyororo ukaze kama waya wa gitaa. Hilo ni kosa. Mnyororo uliokazwa mno huvuta ekseli mbili zikaribiane. Gololi zinabanwa, na miguu inachoka bure. Mnyororo uliolegea mno nao huruka na kuanguka.

Bonyeza mnyororo katikati, kati ya sproketi na friwili. Uwe unapanda na kushuka sentimita 1 hadi 2. Lakini usipime mahali pamoja. Zungusha pedali robo, pima tena. Zungusha robo nyingine, pima tena. Mara nyingi sproketi haiko duara kamili, na kwa hiyo upande mmoja mnyororo unakaza na upande mwingine unalegea. Pima kwa kufuata mahali panapokaza zaidi.

Simama pia nyuma ya baiskeli, ufumbe jicho moja. Sproketi, mnyororo na friwili viwe katika mstari mmoja. Gurudumu likikaa upande, mnyororo unakwenda mshazari na kusaga meno.

Je, mnyororo umekwisha kweli? Chukua rula ya inchi 12. Pima kutoka katikati ya pini moja kwa kuhesabu pingili 24. Mnyororo mpya hutimiza inchi 12 kamili. Ukizidi kwa milimita 3, umechakaa, ubadilishe. Tazama na meno ya friwili. Yakiwa yamechongoka kama ndoana, mnyororo mpya hautadumu juu yake.

MFANO: MZEE NA FUNDI

Soma mazungumzo haya. Mzee amefika kwa fundi kijana chini ya mwembe, mkononi ana mnyororo mpya.

Fundi: Shikamoo, mzee.

Mzee: Marahaba, mwanangu. Nifungie huu mnyororo. Baiskeli imekuwa nzito, sina hamu nayo. Juzi nimempeleka mjukuu zahanati, nusu ya njia nasukuma!

Fundi: Pole sana, mzee. Mtoto hajambo sasa?

Mzee: Hajambo, namshukuru Mungu.

Fundi: Basi mnyororo usiutoe kwenye karatasi kwanza, pengine dukani watakurudishia fedha. Uzito huu ulianza lini?

Mzee: Ah, kama wiki mbili. Tangu nilipozibiwa pancha ya nyuma kule mnadani.

Fundi: Ahaa. Ngoja tuipindue. Unaona, nikipiga pedali kinyume ni nyepesi kabisa. Sasa nazungusha gurudumu. Moja, mbili, tatu... imesimama. Na raba za breki hazigusi.

Mzee: Kwa hiyo?

Fundi: Aliyeziba pancha alipokaza nati, koni nayo ilizunguka, ikabana gololi. Nalegeza nati ya kufungia. Narudisha koni nyuma kidogo tu. Nafunga. Haya, mzee, zungusha mwenyewe.

Mzee: Lo! Inakimbia hiyo! Kumbe mnyororo nilikuwa nausingizia.

Umeona alivyofanya fundi? Aliuliza kwanza. Kisha akagawa. Kisha akagusa sehemu moja tu.

Ukirekebisha koni, shika rimu uitikise kushoto na kulia. Isicheze, lakini gurudumu lizunguke kwa urahisi. Koni ikilegea mno, gurudumu linayumba na gololi zinapigana. Pima tena baada ya kukaza nati za nje, maana nati hizo nazo huweza kuigeuza koni.

BAISKELI ISIYO NA FRIWILI

Zamani baiskeli hazikuwa na friwili. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli iitwayo Rover. Ilikuwa na mnyororo unaovuta gurudumu la nyuma, kama zetu. Lakini gurudumu likizunguka, pedali nazo zilizunguka. Miguu haikupata nafasi ya kupumzika. Hata leo baiskeli za mashindano ya ndani ya uwanja ni za namna hiyo. Na friwili ikifa, wapo wanaoichomelea ili isiteleze. Baiskeli hiyo nayo inakuwa ya aina hii.

Jaribio la 2 na la 3 hayafai kwa baiskeli hiyo, kwa sababu vitu vyote vinazunguka pamoja, mbele na nyuma. Msuguano wa kitu kimoja unajificha ndani ya kingine. Kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye jaribio la 4, toa mnyororo. Halafu pima mkazo wa mnyororo kwa uangalifu zaidi. Usilegee, maana ukianguka gurudumu linaweza kukwama ghafla. Usikaze mno, maana hapo ndipo uzito unapoanza.

Tena usifute mnyororo wa baiskeli hiyo huku gurudumu linazunguka. Kitambaa kikinaswa, kidole kinafuata. Pedali hazitasimama kukusubiri. Na kwa barabarani, hakikisha breki ipo na inashika.

USAFI NA MAFUTA

Mnyororo wenye vigurudumu vidogo, kama wa baiskeli zetu, ulibuniwa na Hans Renold mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Kinachosuguana ni pini na vigurudumu vile, kwa ndani. Basi mafuta yanatakiwa ndani, siyo nje.

Futa vumbi kwanza. Kama uchafu umeganda, osha mnyororo kwa mafuta ya taa, nje ya nyumba, mbali na moto na sigara. Uache ukauke. Tia tone moja la oili nyepesi katika kila pingili. Zungusha pedali kinyume mara nyingi mafuta yaingie. Kisha, mnyororo ukiwa umesimama, futa mafuta yaliyobaki nje. Yakibaki hukamata mchanga, na mchanga ukichanganyika na mafuta husaga chuma.

Usitumie mafuta ya kupikia. Huganda na kunata. Usitumie oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Ina unga wa chuma, tena ni mbaya kwa ngozi.

Gololi zinataka grisi safi. Ukifungua habu, tandika kitambaa chini na uzihesabu kabla hazijapotea. Habu ya mbele ya baiskeli nyingi za kijijini ina gololi 10 ndogo kila upande, na ya nyuma ina 9 kubwa zaidi kila upande. Usichanganye gololi mpya na zilizochakaa. Badilisha zote za upande huo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Koni iliyobana leo inahitaji spana tu. Ukiendelea kuipanda hivyo, itataka koni mpya na gololi mpya, na mwisho habu nzima.

MANENO YA KUKUMBUKA

Msuguano: kupotea kwa nguvu vitu viwili vinaposuguana.
Gololi: vidude vya chuma vya mviringo vinavyobingirika ndani ya habu.
Koni: chuma kinachokaza au kulegeza gololi.
Friwili: meno ya nyuma yanayoruhusu pedali kutulia gurudumu likizunguka.

MASWALI

1. Baiskeli ni nyepesi ukipiga pedali kinyume, lakini gurudumu la nyuma linasimama upesi. Utatazama wapi?
2. Kwa nini mnyororo uliokazwa mno huchosha miguu?
3. Sproketi ina meno 44 na friwili ina meno 22. Pedali ikizunguka mara 1, gurudumu linazunguka mara ngapi?
4. Unasikia mlio mmoja kila pedali ikizunguka mara 1. Taja vitu viwili vya kukagua.

KAZI YA KIKUNDI

Leteni baiskeli tatu. Zungusheni gurudumu la mbele la kila moja kwa nguvu sawa, mhesabu lilizunguka mara ngapi kabla ya kusimama. Andikeni hesabu hizo daftarini. Itafuteni sababu ya ile iliyozunguka mara chache, mwitengeneze, kisha mhesabu tena. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo nguvu mliyomnyang'anya mwizi.